Kwanini watu wanakimbia mabasi? Sio uvivu, na mara nyingi wala sio nauli

Ukiuliza watu kwanini abiria wa mabasi na treni wanapungua kwenye miji mingi duniani, majibu ni yale yale: watu wamekuwa wavivu, nauli imepanda, kila mtu anataka gari lake aonekane ameendelea. Kila jibu lina kaukweli kake ndani, ila ukishika takwimu ukaanza kuzifuata mwaka kwa mwaka unakuta hayatoshi kabisa, maana kama shida ni uvivu basi itabidi tukubali kwamba Wamarekani wa mwaka 1972, abiria walipokuwa wachache, walikuwa wavivu kuliko wa 2014, walipokuwa wengi, kitu ambacho hakiingii akilini.

Chukua Marekani, kwa sababu wenzetu wale wameweka hesabu muda mrefu. Mwaka 1946, vita vimeisha juzi tu na magari mapya bado hayajajaa, watu walipanda mabasi, tramu (treni ndogo zinazopita barabarani) na treni za mjini kama mara bilioni 23 kwa mwaka. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 1970 idadi ilikuwa imeporomoka hadi chini ya bilioni 7, na hapo watu wenyewe nchini walikuwa wameongezeka sana. Halafu ikaanza kupanda tena polepole, mwaka 2014 ikagonga bilioni 10.7, wakubwa wakashangilia kwamba hawajaona namba kama hiyo tangu miaka ya 1950, na kabla shangwe hazijaisha ikaanza kushuka tena mpaka kama bilioni 9.9 mwaka 2018. Angalia mwaka vizuri hapo. 2018. Korona ilikuwa bado haijasikika.

Kwahiyo hatuzungumzii kitu kimoja kinachoshuka tu kama maji mlimani. Ni vitu vingi, vingine vinavuta vingine vinasukuma, na vingi wala haviko ndani ya basi.

Kwanza, ni nani hasa anayeondoka?

Hapa ndo watu wengi wanapokosea toka mwanzo. Tunasema "abiria wamepungua asilimia 10" tunapata picha kwamba kila mtu amepunguza safari zake kidogo, mmoja alikuwa anapanda mara kumi sa hivi anapanda tisa. Mara nyingi sio hivyo.

Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha UCLA, kina Michael Manville, Brian Taylor na Evelyn Blumenberg, walitoa ripoti kuhusu kusini mwa California, yaani Los Angeles na maeneo yanayoizunguka. Walichokuta ni kwamba zaidi ya robo tatu ya wakazi karibu hawapandi kabisa, na kwamba kuna kikundi kidogo sana, kama asilimia 2 tu ya watu, ambao wanapanda kila siku kwenda na kurudi, na wao ndo wanabeba sehemu kubwa ya safari zote. Sasa fikiria maana yake. Ukimpoteza mtu mmoja wa kundi hilo umepoteza safari kama 40 na kitu kwa mwezi, na ili uzifidie inabidi uwashawishi watu kibao wasiopanda kabisa waanze kupanda mara moja moja, kazi ambayo ni ngumu kuliko kumbakisha yule mmoja uliyekuwa naye.

Na hao waliondoka kwenda wapi? Kwenye magari. Hesabu ya ripoti ile bado inanishangaza kila nikiisoma: katika miaka ya 1990 eneo lile liliongeza watu milioni 1.8 lakini magari ya majumbani yakaongezeka 456,000 tu, yaani robo gari kwa kila mkazi mpya. Kuanzia 2000 mpaka 2015 wakaongezeka watu milioni 2.3 na magari milioni 2.1. Karibu kila mtu mpya na gari lake! Na walionunua zaidi ni familia za kipato cha chini na wahamiaji, wale wale waliokuwa wanajaza mabasi. Mikopo ya magari ilikuwa rahisi, magari yaliyotumika yamejaa, halafu kuanzia katikati ya 2014 mafuta ghafi yakaanguka kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa hadi chini ya dola 50 ndani ya miezi michache tu.

Kinachouma zaidi ni kwamba muda huo huo Los Angeles ilikuwa inamwaga pesa kwenye reli. Laini ya treni ya kwenda upande wa magharibi ikafunguliwa 2012, ikafika Santa Monica ufukweni 2016, na abiria wa mtandao mzima wanapungua. Kwa hiyo mtu akikuambia "jengeni reli watu watakuja", muulize watakuja kutoka wapi, na nyumbani kwao mpaka stesheni ni umbali gani.

Sitaki kuwalaumu walionunua gari. Mama mwenye zamu mbili na mtoto wa kupeleka shule, akipata gari maisha yake yanabadilika, anaweza kuomba kazi sehemu ambazo jana hazikuwepo kwenye ramani yake. Ni uamuzi wa akili kabisa kwake. Ila ukijumlisha maamuzi elfu kama hayo, basi linakufa, na wale ambao bado hawajaweza kununua ndo wanabaki nalo.

Kusubiri ndo kunaua

Sasa tuingie kwenye kitu ambacho mi naona ndo moyo wa mada yenyewe. Wataalamu wa usafiri wamepima kwa miaka mingi jinsi watu wanavyothamini muda wao safarini, na jambo moja linajirudia karibu kila wanapopima: dakika moja ya kusubiri kituoni mtu anaihisi kama dakika mbili za kukaa ndani ya chombo kinachotembea. Ukiwa umesimama juani au kwenye mvua, hujui kama basi linakuja au limeshapita, hapo ndo balaa zaidi. Kwahiyo safari ya dakika 20 ndani ya basi ukiongeza dakika 15 za kusubiri kichwani sio safari ya dakika 35, ni ya dakika 50, na jirani mwenye gari amefika kwa 25.

Jarrett Walker, mtaalamu ambaye amepanga upya ruti za miji mingi, yeye wimbo wake ni mmoja tu: mabasi yapite mara kwa mara. Basi likipita kila dakika 10 huhitaji ratiba, unatoka tu. Likipita kila dakika 40 basi wewe unaishi kwa ratiba ya basi, mkutano ukichelewa dakika tano umekwama nusu saa na zaidi. Mwenye gari hajui kabisa hiyo adha, ndo maana viongozi wengi ambao hawapandi basi huwa wanapenda kuongelea viti vizuri, waifai na rangi mpya ya basi. Abiria anataka lije.

Na hapa foleni inaingia kwa njia ambayo watu hawaioni. Tuseme ruti moja inachukua dakika 60 kuzunguka kwenda na kurudi, na una mabasi 6. Kila dakika 10 linapita moja, safi. Magari yakiongezeka barabarani, mzunguko ule ule ukawa dakika 90, mabasi yale yale 6 sasa yanapita kila dakika 15. Hakuna aliyepunguza huduma! Hakuna kikao kilichokaa kuamua, bajeti ni ile ile, madereva wale wale, na huduma imeshuka kwa theluthi moja. Ili urudi kwenye dakika 10 unahitaji mabasi 9, yaani nusu nzima ya ziada ya mabasi, madereva na mafuta ili tu ubaki pale pale ulipokuwa. Kampuni nyingi haziwezi, kwahiyo zinaacha.

Halafu kuna ile ya mabasi kuja mawili kwa pamoja, ambayo kila mtu anadhani madereva wanapiga stori. Sio. Basi la mbele likichelewa kidogo, kituo kinachofuata linakuta watu wengi zaidi, kuwapakia kunachukua muda, linachelewa tena, kituo kingine watu wamezidi, na la nyuma yake linakuta vituo vitupu kwa sababu wa mbele kashabeba wote, linakimbia, mwisho yanagusana. Yanaishia kutembea mawili mawili, la mbele limejaa mpaka mlangoni la nyuma lina watu wanne. Kwenye karatasi kampuni inasema inatoa mabasi sita kwa saa, na kweli yametoka sita, ila abiria ameona basi mara tatu tu, kila dakika 20. Wote wawili wanasema ukweli, na abiria ndo anayechelewa kazini.

Kutotabirika kuna gharama yake nyingine. Kama safari yako kawaida ni dakika 35 ila mara mojamoja inafika 60, na bosi wako hana masihara na muda, basi wewe utatoka nyumbani dakika 60 kabla kila siku. Safari yako ni ya saa nzima, haijalishi wastani unasema nini. Ndo maana mtu anaweza kuvumilia gari lililokwama foleni akaona bora, kwani hata akikwama angalau anajua yuko wapi na kakaa.

Sasa ongeza na kubadilisha. Ukishuka basi moja kupanda lingine unakuwa umesubiri mara mbili na umebahatisha mara mbili, na la kwanza likichelewa unamkosa wa pili kwa sekunde. Mtandao wa ruti ukipangwa vibaya, kila safari isiyokwenda katikati ya mji inakuwa lazima upite katikati ya mji.

Mchumi Herbert Mohring alionyesha mwaka 1972 kitu kinachofanya biashara hii iwe tofauti na nyingi: abiria wakiongezeka, mabasi yanaongezeka, kusubiri kunapungua kwa kila mtu, kwahiyo kila abiria mpya anamsaidia aliyekuwepo. Tamu sana hiyo, shida inafanya kazi na upande wa pili. Abiria wakipungua mapato yanashuka, kampuni inapunguza safari, kusubiri kunaongezeka, wengine wanaondoka, mapato yanashuka tena. Na wanaanza kukata wapi? Karibu siku zote ni usiku na wikendi, kwa sababu ndo mabasi yanaonekana matupu. Lakini yule muuguzi au mpishi wa hoteli anayetoka saa nne usiku hahesabu safari moja moja, anahesabu kwenda na kurudi. Ukimkatia ya kurudi umemnyang'anya na ya kwenda, na akishanunua pikipiki kwa ajili ya usiku, asubuhi pia ataitumia. Kwahiyo wamekata basi tupu la usiku na basi lililojaa la asubuhi nalo likaanza kupungua watu, halafu wanakaa kwenye kikao wanashangaa.

Mji wenyewe umehama

Kuna safari ambazo basi haliwezi kuzishinda hata likipewa dereva malaika, kwa sababu mji wenyewe umejengwa kwa ajili ya gari. Juni 1956 rais Eisenhower alisaini sheria ya barabara kuu za kuunganisha majimbo, kama kilomita 66,000 hivi, serikali kuu ikilipa asilimia 90 ya gharama. Nyumba zikasambaa kwa mbali, maduka yakafuata nyumba, ofisi zikafuata maduka, na sheria za mipango miji kwenye sehemu nyingi zikakataza kabisa kuchanganya makazi na biashara. Matokeo yake kutoka nyumbani mpaka duka la karibu ni kilomita kadhaa. Basi linahitaji watu wengi wanaotoka sehemu moja kwenda sehemu moja, na mitaa ile imemwaga watu kama mchele kwenye mkeka, huwezi kuwaokota.

Na Marekani sio peke yake, mfumo huo umeigwa kila bara, hata na miji ambayo watu wake wengi hawana magari, jambo ambalo kwa kweli ni la ajabu.

Kuna maelezo mengine ambayo hayapendwi na wajenzi wa barabara. Anthony Downs mwaka 1962 aliandika kuhusu jinsi barabara za haraka zinavyojaa tena saa za watu wengi, na baadae J. M. Thomson akaja na hoja inayoendana, ndo leo inaitwa kitendawili cha Downs na Thomson. Hoja ni kwamba kwenye mji wenye foleni, watu wanahama kati ya gari na treni mpaka muda wa mlango kwa mlango ukaribiane. Ukipanua barabara, baadhi ya watu wa treni wanahamia gari, treni inapoteza mapato inapunguza safari, inakuwa mbaya zaidi, wengine wanahama tena, barabara inajaa, na mwisho wa siku wote mnachelewa kuliko mwanzo, wa gari na wa treni. Pesa zimeliwa na mwendo umepungua. Haitokei kila mahali, inategemea mji ulivyo, ila ikitokea ni vigumu sana kumweleza mwanasiasa ambaye anataka kukata utepe.

Maegesho je? Hapa Donald Shoup, profesa wa UCLA aliyefariki 2025, alitumia maisha yake yote kuonyesha kwamba maegesho ya bure sio ya bure, yanalipwa na kila mtu kwenye bei za vitu na kwenye kodi za nyumba, hata na yule asiye na gari. California ina sheria toka 1992 inayowataka baadhi ya waajiri wanaolipia maegesho ya wafanyakazi wampe mfanyakazi uchaguzi, aidha upaki bure au uchukue pesa taslimu. Shoup akafuatilia ofisi nane zilizofanya hivyo, waliokuwa wanaendesha peke yao wakapungua asilimia 17 na wapanda usafiri wa umma wakaongezeka asilimia 50. Hakuna basi lililoongezwa. Hakuna kampeni. Wameonyeshwa tu bei ambayo walikuwa hawaioni.

Japani wao walimaliza hii mapema. Sheria yao ya mwaka 1962 inasema huwezi kusajili gari mpaka uthibitishe una sehemu ya kulilaza ambayo sio barabarani. Pale Tokyo ardhi ilivyo ghali, mtu anafikiria mara mbili kabla ya kununua, na wakati anafikiria treni imeshapita.

Kuna suala pia la aina ya safari ambalo wapangaji wengi (wengi wao wanaume, acha niseme) walilisahau miaka nenda rudi. Ruti nyingi zimechorwa kwa mtu anayetoka nyumbani asubuhi kwenda katikati ya mji na kurudi jioni. Lakini safari za wanawake mara nyingi ni za kuunganisha: shule, sokoni, kwa mgonjwa, kazini, sokoni tena, nyumbani, na mizigo na mtoto juu. Kwa safari hiyo kila kituo ni nauli mpya na kusubiri upya. Nauli moja inayodumu saa moja na nusu bila kujali umepanda mangapi ni kitu kidogo kwenye karatasi ila kwa mtu wa namna hii ni kikubwa mno.

Vipi kuhusu nauli sasa?

Nauli ina kazi yake, sikatai, hasa kwa mtu ambaye kipato chake ni kidogo kiasi kwamba nauli ya kwenda na kurudi ni chakula. Huyo nauli ikipanda anatembea kwa miguu, au anakaa nyumbani. Lakini kwa yule mwenye gari, kushusha nauli peke yake hakumtoi mle ndani, na tuna mifano ya miji iliyojaribu mpaka mwisho.

Tallinn, mji mkuu wa Estonia, walifanya usafiri bure kwa wakazi waliojiandikisha kuanzia Januari 2013. Wapanda basi waliongezeka, ila sehemu kubwa ya safari zilizoongezeka zilitoka kwa watu waliokuwa wanatembea kwa miguu, na miaka iliyofuata magari hayakupungua. Luxembourg wakafanya nchi nzima kuwa bure mwaka 2020, nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo, na bado ni moja ya nchi zenye magari mengi zaidi kwa kila mtu barani Ulaya. Ujerumani walitoa tiketi ya euro 9 kwa mwezi kuanzia Juni hadi Agosti 2022, zikauzwa kama milioni 52, treni zikafurika mpaka watu wanasimama chooni, nyingi zikiwa safari za matembezi ambazo labda zisingekuwepo kabisa. Tiketi ya kudumu ilipokuja Mei 2023 ilianza na euro 49, na Januari 2025 ikawa euro 58. Kilichopendwa sana hapo, kwa maoni yangu, ni urahisi kuliko hata bei: tiketi moja nchi nzima, hufikirii kanda wala kampuni.

Nauli ya chini kupita kiasi bila mtu wa kuziba pengo nayo inaua, na hapa historia ya New York ni shule tosha. Treni za chini ya ardhi zilianza 1904 kwa senti 5, na nauli ikabaki senti 5 mpaka 1948. Miaka 44! Bei za kila kitu zilipanda, vita viwili vya dunia vikapita, hakuna mwanasiasa aliyethubutu kugusa ile senti 5. Kampuni za binafsi zilizokuwa zinaendesha zikakosa pesa za matengenezo, na mwaka 1940 jiji likazinunua. Miji mingine mingi ya Marekani ilikuwa na mikataba ya kugandisha nauli namna hiyo hiyo na kampuni za tramu.

Nataja hii kwa sababu kuna ile stori maarufu kwamba General Motors na wenzake ndo waliua tramu za Marekani. Kuna kesi kweli, kampuni ya National City Lines pamoja na General Motors, Firestone na kampuni za mafuta walikutwa na hatia mwaka 1949 ya kula njama kuhodhi uuzaji wa mabasi na vifaa vyake kwa kampuni walizozidhibiti. Lakini tramu nyingi zilikuwa taabani kabla, zimebanwa na nauli ya kudumu, zimekwama kwenye foleni ya magari yanayopita juu ya reli zao. Njama ilimkuta mgonjwa kitandani. Stori ya njama ni tamu zaidi kwa sababu ina mtu mbaya, wakati stori ya nauli iliyogandishwa na barabara iliyojaa haina mtu wa kumnyooshea kidole.

Woga, pikipiki na taksi za kwenye simu

Usalama ntaugusa kwa ufupi japo kwa watu wengi, hasa wanawake, ndo sababu namba moja. Mara nyingi woga hauko ndani ya basi, uko kwenye mita mia tatu za giza kati ya kituo na nyumbani, na kwenye kusubiri peke yako saa tatu usiku. Unyanyasaji ndani ya treni zilizojaa nao upo, Tokyo na Mexico City wametenga mabehewa ya wanawake kwa sababu hiyo hiyo, na hilo lenyewe ni ushahidi kwamba tatizo halijaisha bali limewekewa ukuta. Mtu akishaogopa mara moja harudi, na hajazi fomu ya malalamiko. Anapotea tu kwenye takwimu.

Halafu zikaja Uber na wenzake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kentucky mwaka 2019 waliangalia miji 22 mikubwa ya Marekani wakakadiria kwamba kila mwaka toka hizo huduma ziingie mjini, abiria wa treni wanashuka asilimia 1.3 na wa basi asilimia 1.7. Ni kidogo kwa mwaka mmoja, ila ni kila mwaka, baada ya miaka minane, kwa upande wa basi, ni zaidi ya asilimia 12. Safari zinazoibiwa zaidi ni fupi na za usiku, zile zile ambazo basi limeshakatwa. Na hizo gari zinazozunguka zikisubiri wateja zinaongeza foleni, foleni inachelewesha basi, tunarudi kwenye ile hesabu ya mabasi sita.

Kwenye miji ya Asia kama Hanoi na Ho Chi Minh kazi hiyo inafanywa na pikipiki, muda mrefu kabla ya simu janja. Pikipiki ni rahisi, inapenya, inafika mlangoni, na basi linashindana na kitu ambacho kwa mtu mmoja mmoja kinalizidi karibu kila kona isipokuwa mvua na ajali.

Korona ikamalizia, ila kwa namna yake. Aprili 2020 treni za chini ya ardhi za New York zilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya abiria. Wengi wamerudi, ila hawakurudi vile vile: mfanyakazi wa ofisi anayekwenda siku tatu tu kwa wiki amepunguza safari zake kwa asilimia 40 bila kununua gari wala kugombana na mtu, na Jumatatu na Ijumaa zimebaki nyepesi. Tiketi ya mwezi haimlipi tena. Na mfumo mzima wa mapato ulijengwa juu ya mgongo wake yeye, kwa sababu ndo alikuwa analipa nauli kamili saa za watu wengi.

Walikorudi

Ukitaka kujua sababu halisi za watu kuondoka, angalia ni wapi walirudi na nini kilibadilika. Zurich, Uswisi, wananchi walipiga kura 1973 wakakataa kuchimba treni ya chini ya ardhi, kisha 1977 wakakubali kutoa pesa za kuzipa tramu na mabasi kipaumbele barabarani na kwenye taa. Taa inaiona tramu inakuja, inafunguka. Mji huo leo una moja ya mifumo inayotumika sana Ulaya, na wenye pesa zao wanapanda. Houston, mji wa magari haswa, Agosti 2015 walifumua ruti zote za mabasi usiku mmoja, wakaweka nyingi zipite kila dakika 15 siku zote saba, kwa bajeti ambayo karibu haikubadilika, na safari za wikendi zikapanda. New York Oktoba 2019 wakafunga sehemu ya mtaa wa 14 kwa magari mengi binafsi, mabasi yakaanza kwenda kasi mpaka madereva wakawa wanasimama kusubiri ratiba iwafikie.

Mfano mkubwa kuliko wote lakini ni Uingereza, kwa sababu pale ilifanyika kama majaribio kwa bahati mbaya. Oktoba 1986 serikali ya waziri mkuu Margaret Thatcher iliruhusu kampuni zichague zenyewe ruti, ratiba na nauli za mabasi, nchini kote isipokuwa Ireland Kaskazini na London. Ahadi ilikuwa ushindani utashusha nauli. Kampuni zikarundikana kwenye ruti zenye faida, zikagombana, ndogo zikanunuliwa na kubwa, ratiba zikawa zinabadilika hovyo, tiketi ya kampuni hii haikubaliki kwenye basi la ile, na nauli zikapanda. London mamlaka ya usafiri ikaendelea kupanga ruti na nauli na kuwapa kampuni mikataba ya kuendesha tu, mwaka 2003 ikaongeza na tozo kwa magari yanayoingia katikati, na sehemu ya pesa ikaenda kwenye mabasi. Kufika katikati ya miaka ya 2010 safari za mabasi London zilikuwa zimefika kama mara mbili ya pale zilipoanzia, wakati miji mingine mikubwa ya England ilikuwa imepoteza sehemu kubwa ya abiria wake. Watu ni wale wale, mvua ni ile ile, hamu ya kuwa na gari ni ile ile.

Greater Manchester ndo wa kwanza nje ya London kuvunja mfumo huo. Walianza kurudisha mabasi mikononi mwa mamlaka Septemba 2023, kwa awamu, wakamaliza Januari 2025, mabasi yote ya njano, tiketi moja kwa basi na tramu. Iliwachukua miaka 38 na kitu kurudi pale walipokuwa kabla ya 1986, na huko katikati kuna watu waliozaliwa, wakakua, wakachukua leseni na kununua gari bila kuwahi kuishi mtaa wenye basi la kuaminika. Hao sasa ndo wanatakiwa washawishiwe.